Linux Bila Amri: Mhadhara kwa Watumiaji wa Kompyuta wa Handeni na Korogwe



Mada niliyopewa ni matumizi ya Linux kwenye kompyuta ya mezani au mpakato bila mtumiaji kulazimika kuandika amri hata moja. Naona mafundi wawili watatu wameanza kutabasamu, maana wanajua kwamba mimi mwenyewe mkate wangu unatokana na hizo hizo amri. Ni kweli. Lakini leo sikuja kuzungumza na mafundi peke yao. Zamu yao ipo, na nitawabana kidogo.

Nianze na kishikwambi. Sensa ya Watu na Makazi ilifanyika tarehe 23 Agosti 2022, na vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu vikaja kugawiwa walimu. Kifaa kile kinaendeshwa na Android, na kiini cha Android, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, inayoiamsha skrini na kupokea mguso wa kidole chako, ni Linux. Tecno, Infinix na Samsung zilizomo mifukoni humu ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mwalimu wa Sindeni anayefungua andalio la somo kwenye kishikwambi amekuwa mtumiaji wa Linux bila kuambiwa, na hakuna aliyemwandikia amri ubaoni.

Mtu makini atanipinga hapo, na ana haki. Atasema Android ni kiini cha Linux kilichovikwa nguo za Google, na kwamba mtu hatumii simu kuandaa mtihani wa kidato cha pili, kupanga orodha ya mishahara au kuchapa kadi za michango ya harusi. Nakubali. Simu inathibitisha jambo moja tu: kwamba amri hazimo katika asili ya Linux kiasi cha kumfuata kila anayeigusa. Swali la kompyuta ya ofisini bado lipo, na ndilo lililotukusanya.

Hofu ya amri ina historia ya kweli. Linus Torvalds alipotangaza kazi yake Agosti 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, na alichotoa kilikuwa skrini nyeusi yenye maandishi. Ila tusisahau kwamba wakati huo kompyuta nyingi za ofisini zilikuwa hivyo. Makatibu muhtasi waliosoma kompyuta miaka ya 1990 walianza na DOS, wakaandika barua kwa WordPerfect, na mara nyingi faili iliitwa kwa jina lake kamili. Wale mama zetu waliandika amri kutwa nzima na wala hawakujiona wataalamu. Mradi wa KDE, ulioipa Linux madirisha na vitufe, ulianza 1996. GNOME ikafuata 1997. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, na kwa miaka kadhaa kampuni yake ilituma sidii za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Mwaka 2006 Clement Lefebvre, Mfaransa aishiye Ireland, akaanzisha Linux Mint, ambayo leo ndiyo nitakayoitolea mifano, kwa sababu menyu yake iko kona ya chini kushoto pale pale ambapo mkono wenu umezoea kwenda.

Sasa, kama vitufe vipo tangu miaka ya 1990, kwa nini ukitafuta msaada mtandaoni unajibiwa kwa mistari ya amri? Jibu lake ni la kibinadamu. Anayejibu yuko Ujerumani au Brazili, haioni skrini yako, na Linux ina maumbo mengi: mwenye Cinnamon anabonyeza hapa, mwenye GNOME anabonyeza kule, mwenye Xfce hana kabisa kitufe hicho. Kueleza njia zote hizo ni kazi ya kurasa tatu. Mstari mmoja wa amri unafanya kazi kwa wote, na unaweza kunakiliwa na kubandikwa. Kwa hiyo anaandika amri ili apunguze kazi yake yeye. Msomaji akiona hivyo mara kumi anahitimisha kwamba pasipo amri hakuna njia, kumbe njia ya vitufe ipo, ila haikuelezwa.

Naongeza onyo. Amri inayotanguliwa na neno sudo inapewa mamlaka yote juu ya mfumo, pamoja na mamlaka ya kufuta kila kitu. Kunakili mstari kama huo kutoka kwa mtu usiyemjua, bila kuuelewa, ni hatari kuliko jambo lolote utakalofanya kwa kipanya. Asiyejua amri asione haya kukataa kuzibandika. Huo ni uangalifu mzuri tu.

Hapa niweke hoja yangu yote kwa mfano mmoja wa kwetu. Maji ya mradi wa HTM yanachukuliwa Mto Pangani upande huu wa Korogwe na kusukumwa hadi Handeni. Mama wa Chanika akifungua bomba hana haja ya kujua shinikizo la pampu wala kipenyo cha bomba kuu. Lakini pampu haziwezi kukaa bila mtu anayezijua, na bomba likikauka wote mnajua swali la kwanza ni lipi: yuko wapi mhusika? Linux ni hivyo. Mtumiaji hahitaji amri. Anahitaji fundi anayezijua, aliye karibu, anayepatikana kwa simu. Wilaya zetu hizi zimekosa huyo wa pili, halafu lawama tunampa wa kwanza, kwamba eti watu wetu hawajasoma.

Na fundi tuliye naye anafanya nini? Anapiga window. Kompyuta ikichelewa kuwaka, anapiga window, yaani anasakinisha Windows upya. Ikileta ujumbe wa ajabu, anapiga window. Flashi yake ina Windows iliyovunjwa kufuli, ina kifaa cha kuidanganya Microsoft kwamba leseni imelipwa, na kabla ya kuanza anazima kwanza kinga ya virusi, kwa sababu kinga inakitambua kifaa hicho kuwa ni mdudu. Mara nyingi kinga haikosei. Mteja analipa elfu kadhaa, anaondoka na kompyuta inayong'aa, na baada ya miezi michache anarudi. Simsemi fundi kwa ubaya. Ndivyo alivyofundishwa, na mteja mwenyewe ndiye anayesema "niwekee ile ya bure". Ila Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Jambo hili hatulitazami usoni kwa sababu kila mtu analifanya.

Sasa hesabu imebadilika hata kwa asiyejali sheria. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inadai kompyuta yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa zile za Intel, kichakataji cha kizazi cha nane au zaidi, ambacho kilianza kutoka 2017. Tazameni laptopu za mtumba zinazoshuka Kariakoo na kufika hapa kwa basi: ThinkPad T440, Latitude E6440, EliteBook 840 G1. Zote ni za kizazi cha nne. Ni chuma kizuri, kibodi haziumwi, betri inabadilishika, lakini kwa Microsoft ni takataka. Linux Mint inaomba kumbukumbu ya GB 2 na kushauri GB 4, pamoja na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Toleo la 22, lililotoka 2024, litahudumiwa hadi 2029. Ukiitoa ile diski ya kuzunguka ukaweka SSD, T440 inaamka haraka kiasi cha kumshangaza mwenyewe.

Kazi yenyewe ya ofisi imehamia kwenye kivinjari, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Mtumishi anaingia ESS kuomba likizo na kujaza PEPMIS. Afisa manunuzi yuko NeST. Mwenye duka anatafuta leseni TAUSI. Mwalimu mkuu anashughulika na PReM ya NECTA. Watu wa afya wanaingiza takwimu za mwezi DHIS2, ambayo nayo ni programu huria, iliyotokea Chuo Kikuu cha Oslo na kukuzwa pamoja na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mifumo yote hiyo inafunguka kwa Firefox au Chrome. Kivinjari hakikuulizi chini yako kuna Windows au Linux. Ukimkalisha karani mbele ya Mint asubuhi, ukamfungulia kivinjari, inawezekana ikafika saa nane mchana kabla hajauliza mbona picha ya nyuma imebadilika.

Kuongeza programu kunafanana na Play Store: unafungua stoo ya programu, unaandika jina, unabonyeza kitufe, unaandika neno la siri, basi. Masasisho yana ngao ndogo kona ya chini kulia. Ikiwa na alama, unaibonyeza. Viendeshi vya vifaa vina dirisha lao. Sitakaa sana hapo kwa sababu hakuna cha kuhadithia. Nikae kwenye mambo manne yanayotuumiza sisi hasa: flashi, intaneti, printa na umeme.

Flashi. Hakuna mwenye steshenari humu ambaye hajawahi kuletewa flashi na mtu anayekaribia kulia. Ripoti yote imegeuka vialama vya njia ya mkato, ukibonyeza hakifunguki kitu. Kirusi kile hakikufuta faili. Kimezifanya zifichike kwa alama ambayo Windows inaiheshimu, kisha kikaweka vialama bandia mahali pake. Mara nyingine kinazisukuma zote ndani ya folda yenye jina tupu. Linux haiijali ile alama ya kuficha ya Windows. Chomeka flashi hiyo kwenye Mint, folda zote ziko wazi, na ile isiyo na jina nayo inaonekana. Unazinakili kwa kipanya, unafuta vile vialama bandia na faili za vbs, unamrudishia mwenyewe. Kwa usalama bonyeza Ctrl na H pamoja ili uone kila kilichobaki. Hakuna amri iliyoandikwa, na kirusi hakikuwa na la kufanya kwa sababu kiliandikwa kwa ajili ya mfumo mwingine. Hata steshenari isiyotaka kabisa kuhamia Linux ningeishauri iwe na kompyuta moja kuukuu ya Mint kwa ajili ya kupokelea flashi za wateja.

Intaneti. Malalamiko ya kawaida ni kwamba Linux haikuiona Wi-Fi. Hutokea, hasa kwenye Dell na HP za zamani zenye kadi za Broadcom, ambazo zinahitaji kiendeshi cha ziada, na kukipata kiendeshi unahitaji intaneti, ambayo huna kwa sababu kiendeshi hakipo. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kurudi kwa fundi wa window. Kumbe simu yako inatosha. Ichomeke kwa waya wa chaji, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa kushirikisha intaneti kwa USB. Kompyuta inaiona simu kama waya wa mtandao wa kawaida, bila kiendeshi chochote. Kisha unafungua dirisha la viendeshi, unachagua kile cha Wi-Fi, unasubiri. Wengi wetu tunaishi kwa bando la simu hata hivyo.

Na kwa kuwa ni bando, tuseme ukweli: masasisho yanakula data. Mint inakuonyesha ukubwa wa kila sasisho na kukuachia uchague. Anza na yale ya usalama. Programu za aina ya Flatpak ni kubwa kupita kiasi kwa mtu wa bando, ziepuke kama kuna toleo la kawaida la programu ile ile.

Printa ndipo ninapokuwa mpole wa maneno. Kama una Epson za wino wa chupa, zile za L zilizojaa kila steshenari, kwa kawaida unachomeka na zinatambuliwa. HP nyingi hali kadhalika. Ila HP LaserJet P1102, kipenzi cha ofisi za kata, inahitaji kipande cha ziada kutoka kwa HP, na lazima uwe na intaneti siku ya kwanza. Dirisha lipo, lakini linamchanganya mgeni. Canon ndogo za leza kama LBP2900 ni balaa. Hizo zinamhitaji fundi, na fundi atahitaji amri, nami sitadanganya ukumbi huu kwamba haitokei. Mwenye LBP2900 na asiye na fundi wa Linux asihame mpaka ajaribu kwanza.

Kujaribu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Flashi ya Mint inawasha kompyuta bila kugusa diski yako: unazima, unachomeka, unawasha huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, unachagua flashi. Unapata Linux kamili inayoishi kwenye kumbukumbu. Jaribu printa, Wi-Fi, sauti, kamera, na ule mfumo wa ofisini unaoutegemea. Ukizima, Windows yako iko pale pale. Mwalimu anayenunua laptopu ya mtumba aende dukani na flashi hiyo mfukoni. Ataijua mashine kuliko muuzaji.

Umeme sasa. Kituo cha Hale, megawati 21, kipo wilayani kwetu Korogwe tangu 1964, na bado taa zinazimika wakati hotuba iko katikati. Naomba leo isiwe. Linux kwa jumla inavumilia kuzimikiwa. Mahali isipovumilia ni katikati ya kusakinisha masasisho kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri. Umeme ukirudi, programu ya masasisho inagoma na kukuletea ujumbe unaokutaka, neno kwa neno, uandike amri. Hiyo ndiyo nafasi inayowatisha watu kuliko zote, na wapinzani wangu huishika kama ushahidi. Nafasi hiyo nayo ina mlango wa vitufe: washa kompyuta huku ukibonyeza Esc au Shift, chagua hali ya uokoaji katika menyu, shuka hadi mstari wenye neno dpkg, bonyeza Enter, iache ijitibu. Ni menyu ya vishale, haina amri. Lakini bora zaidi ni kuzuia: sasisha ukiwa kwenye laptopu yenye chaji, na mezani usisasishe bila UPS. Tena washa Timeshift siku ya kwanza. Inahifadhi nakala ya mfumo, na mambo yakiharibika unarudi juzi kwa kubonyeza. Haihifadhi nyaraka zako, hizo ni juu yako na flashi yako.

Niseme pia ni nani nisiyemshauri kuhama. Mwenye steshenari anayetengeneza kadi kwa Publisher, na ana mafaili ya miaka kumi ya wateja. Draw, sehemu ya programu ya ofisi ya LibreOffice, inafungua faili za Publisher, lakini mpangilio unayumba, na kadi ya harusi haiyumbi. Hata hivyo Microsoft yenyewe imetangaza kwamba itaacha kuihudumia Publisher Oktoba 2026, kwa hiyo ajifunze Inkscape au Scribus polepole huku akiendelea na kazi yake. Mhasibu wa Tally abaki alipo. Anayeishi kwa Photoshop abaki alipo. Mwalimu wa taaluma mwenye jedwali la Excel la matokeo, lile lenye makro alizotengenezewa na kijana fulani ambaye sasa yuko Dodoma, ajaribu jedwali lile kwenye LibreOffice kwanza. Fomula za kawaida zitafanya kazi, makro zinaweza kugoma. Kwa watu hao ipo njia ya kuweka mifumo yote miwili kwenye diski moja, na kisakinishi kinakuuliza kwa dirisha. Hifadhi nyaraka kwanza mahali pengine. Nasisitiza: mahali pengine.

Barua na mitihani ya kawaida haina tatizo kubwa. Herufi za Calibri na Cambria hazimo kwa sababu za leseni, lakini Carlito na Caladea zina upana ule ule, kwa hiyo mistari haihami. Mtihani unaopeleka kuchapwa mahali pengine utoe kwa PDF, kitufe kipo juu kabisa. Hilo lingefaa hata kwa watu wa Windows.

Kuhusu shule, kuna mfano wa Karatu, mkoani Arusha, ambako shirika la Powering Potential liliweka maabara za kompyuta katika shule za sekondari kwa umeme wa jua na kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zikiwa na maktaba inayosomeka bila intaneti. Raspberry Pi inaendeshwa na aina ya Linux. Walichokitafuta pale ni mashine inayokula umeme kidogo, na Linux ikaja pamoja nayo. Wanafunzi walikuta madirisha na kipanya, wakaanza kusoma. Shule zetu za Handeni zilizo mbali na barabara ya lami zingeutazama mfano huo kabla ya kuomba kompyuta kubwa ambazo zitakaa stoo zikisubiri nguzo. Najua vitabu vingi vya somo la kompyuta vimejaa picha za Microsoft Word, na mtoto atafanya mtihani kwa picha hizo. Mwalimu atamwonyesha tofauti katika vipindi viwili. Jedwali ni jedwali.

Kiswahili nacho kina sehemu yake. Mwaka 2004, mwaka ule ule ambao Ubuntu ilitoka, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Uswidi, IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza mpango wake wa Kiswahili. Siwezi kuthibitisha kwamba mmoja alimkimbiza mwenzake, lakini mnaona tarehe. Leo Windows ina Kiswahili chake, na LibreOffice, mrithi wa OpenOffice tangu 2010, ina Kiswahili cha Tanzania. Linux Mint yenyewe imetafsiriwa nusunusu: unachagua Kiswahili, menyu moja inakusalimu vizuri, inayofuata inarudi Kiingereza. Hili ni pengo letu. Tafsiri hizo zinafanyika kwenye kivinjari, sentensi moja moja, na yeyote anaweza kujiandikisha. Hapa Korogwe tuna Chuo cha Ualimu. Sioni kwa nini wanachuo wa Kiswahili wasipewe menyu hamsini kama zoezi la muhula, zikasahihishwa na mwalimu wao, zikapelekwa.

Mafundi, zamu yenu. Nyinyi ndio mnaopaswa kujifunza amri. Kumi na tano zinatosha kwa kuanzia, na si ngumu kuliko yale mnayoyafanya mkiwa na waya wa kuchomelea mkononi. Najua swali lenu, na ni la haki: mteja asiporudi kupiga window kila baada ya miezi mitatu, fundi atakula nini? Atakula huduma. Ofisi yenye kompyuta nane inaweza kukulipa kila mwezi kwa kuzisasisha, kuangalia printa, kuhifadhi nakala. Shule italipa kwa muhula. Malipo ya namna hiyo ni madogo kwa mkupuo, lakini hayasubiri kitu kiharibike. Kuna jambo jingine ambalo Windows haikuwapeni kamwe: faili la Mint, karibu GB 3, mnaruhusiwa kulinakili na kugawa mtakavyo. Mmoja wenu akilipakua hapa Korogwe kwa bando lake, likafika Handeni kwa flashi juu ya basi, likanakiliwa Mkata na Kabuku, hakuna sheria iliyovunjwa wala kifaa cha udanganyifu kilichohitajika. Kutengeneza flashi yenyewe ni kubonyeza faili kwa kitufe cha kulia kwenye Mint na kuchagua kuiandika. Kwa aliye bado kwenye Windows kuna programu ya Rufus.

Ombi langu la mwisho kwenu mafundi: mkimwekea mtu Linux, msiondoke kabla hajafanya mambo matatu yeye mwenyewe mbele yenu: kutoa kopi, kuunganisha simu, kufungua flashi. Mkiondoka mapema atampigia simu fundi wa window jioni hiyo hiyo, na atakuwa na haki.

Meza iliyo mlangoni ina laptopu mbili zenye Mint. Wanaotaka nakala waje na flashi ya GB 8 au zaidi, na kabla ya kuikabidhi wahakikishe hawakuacha kitu ndani, kwa sababu vyote vilivyomo vitafutwa.